Wote Waliitwa George

Kila muhula nikifika kwenye Marekani ya miaka ya 1920, wanafunzi wangu huwa wameshakuja na picha zao: muziki wa jazi, pombe ya magendo, soko la hisa la New York kuporomoka mwaka 1929. Nazipokea zote. Ila mimi somo naanzia ndani ya behewa la kulala, saa nane za usiku. Abiria wanakoroma nyuma ya mapazia, na mwanamume mmoja mweusi yuko macho, viatu vyao vimepangwa mbele yake, anavipiga brashi kimoja kimoja. Dawa ya viatu kainunua kwa pesa yake.

Huyo ni mhudumu wa kampuni ya Pullman ya Chicago, iliyoendesha mabehewa ya kulala. Wenzake walikuwa kama 12,000, na hapakuwa na kampuni nyingine nchini iliyoajiri weusi wengi kama hiyo. Abiria walimwita "George", jina la George Pullman aliyeianzisha, kama mtumwa alivyokuwa akiitwa kwa jina la bwana wake. Awe kijana wa miaka ishirini au mzee mwenye mvi, ni George tu. Msomaji ambaye babu yake aliitwa "boi" nyumbani kwa mzungu, ilhali ana wajukuu, hahitaji nimweleze zaidi.

Mwaka 1925 mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 67.50 kwa mwezi. Ili aupate wote, ilimpasa atimize maili 11,000 za safari au saa zinazokaribia 400. Pigeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya saa 13 kwa siku, mwezi mzima bila mapumziko. Muda wa kutandika na kupanga behewa kabla treni haijaondoka haukulipwa, na chakula cha njiani alijigharimia.

Hapo ndipo inapoingia bakshishi, na hapo huwa siharakishi. Kampuni ilijua fika kwamba mshahara ule hautoshi, ikauacha vilevile kwa kuwa abiria wangeujazia. Basi tabasamu likawa sehemu ya malipo. Ukinuna kwa kuitwa George, umepunguza unga wa watoto. Kwangu mimi, bakshishi ndiyo iliyowafunga watu hawa kuliko kanuni yoyote ya kampuni. Hata usingizi wao ulitengwa: akipata saa mbili tatu za kujinyoosha, ni kwenye kochi la chumba cha wavuta sigara, kwa blanketi la bluu, lisije likachanganyika na ya abiria.

Tarehe 25 Agosti 1925 walikusanyika Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, kuzindua chama chao cha wafanyakazi, Brotherhood of Sleeping Car Porters (Undugu wa Wahudumu wa Mabehewa ya Kulala). Kiongozi waliyemchagua, A. Philip Randolph, alikuwa mhariri wa jarida. Hakuwa mhudumu wa treni, na ndiyo sababu walimtaka, kwani kampuni isingeweza kumfukuza kazi. Wapelelezi wa kampuni walikuwemo ukumbini, kwa hiyo Randolph aliendesha karibu kila jambo yeye mwenyewe ili pasipatikane mhudumu wa kushtakiwa kesho yake. Miji mingine wake zao ndio walioenda mikutanoni na kukusanya michango, waume wakiwa safarini au wakihofia kuonekana.

Mwaka 1926 kampuni ilianza kuweka vibao vya majina ya wahudumu ndani ya mabehewa. Jambo dogo, lakini natamani ningekuwepo siku mtu aliposoma jina lake pale kwa mara ya kwanza.

Kisha mambo yakawa magumu. Mgomo uliopangwa Juni 1928 uliahirishwa dakika za mwisho, wanachama wakakata tamaa, na Mdororo Mkuu wa uchumi ulipoanza, chama kikabaki na watu mia kadhaa tu. Kilichokiinua ni sheria ya kazi za reli iliyorekebishwa mwaka 1934: wafanyakazi wa Pullman nao wakapata haki ya kujichagulia wawakilishi, na mwaka uliofuata wakakipigia kura chama cha Randolph, wakakiacha kile kilichoundwa na kampuni yenyewe.

Mkataba ulitiwa saini tarehe 25 Agosti 1937, miaka kumi na miwili kamili tangu ule usiku wa Harlem. Mshahara ulipanda, na mwezi wa kazi ukashushwa hadi saa 240. Bakshishi iliendelea kutolewa. Lakini mwenye kibao chenye jina lake sasa aliweza kurudi nyumbani na kulala kitandani mwake.