Mtoto asomaye polepole: disleksia katika lugha ya ba, be, bi, bo, bu

Dhana inayowaficha watoto wengi zaidi katika shule zetu ni ile isemayo kwamba disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika, ni tatizo la Waingereza na tahajia yao isiyotabirika, na kwamba mtoto anayefundishwa ba, be, bi, bo, bu hawezi kuwa nayo. Dhana hii inadumu kwa sababu ina chembe ya ukweli: Kiswahili huandikwa karibu sawasawa na kinavyotamkwa. Hata hivyo, disleksia haitokani na tahajia, bali na namna ubongo unavyozichambua sauti za lugha na kuzihusisha na herufi. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia, Waitaliano, Wafaransa na Waingereza. Waitaliano, ambao lugha yao nayo huandikwa kama inavyotamkwa, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao, lakini eneo lile lile la upande wa kushoto wa ubongo lilionekana kufanya kazi kwa kiwango cha chini katika makundi yote matatu.

Katika lugha za namna hii, dalili kuu huwa ni kukawia kuliko kukosea. Mwanafunzi wa darasa la tatu aweza kutamka kila silabi ipasavyo, kidole kikiwa chini ya mstari, akafika mwisho wa sentensi akiwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Maneno yetu nayo ni marefu: "hawakutufundisha" lina silabi saba, na anayeruka "tu" peke yake husoma "hawakufundisha", akapoteza habari ya nani aliyenyimwa mafunzo. Kwa kuwa hatimaye anasoma, mwalimu humpitisha. Kwa Tanzania, pigo huja Kidato cha Kwanza, masomo yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, na hapo lawama yote hutupiwa Kiingereza, ilhali dalili zilikuwapo tangu darasa la kwanza.

Wengine huamini kwamba mwenye disleksia huona herufi kinyume, na hivyo dawa yake ni miwani. Kuchanganya b na d ni jambo la kawaida kwa kila anayeanza kusoma, na peke yake halithibitishi lolote. Mwaka 2009 madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba kasoro za macho si chanzo cha disleksia, na kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaounga mkono lenzi za rangi au mazoezi ya macho kuwa tiba yake. Macho yapimwe, kwa kuwa mtoto aweza kuwa na matatizo yote mawili, lakini mzazi asitarajie miwani imfundishe kusoma.

Ama kuhusu wanaosema kwamba mtoto huyu ni mvivu au mzito wa akili, jibu lina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza habari za Percy, kijana wa miaka 14, mwepesi wa kuelewa na hodari wa hesabu, ambaye hata jina lake aliliandika "Precy". Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Kiboko kisingemsaidia, wala mganga. Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na utafiti wa mwaka 2022 ulibaini maeneo 42 ya vinasaba yanayohusiana nayo. Kwa hiyo, kabla ya mzazi kumgombeza mwanawe, ni busara akajiuliza ni nani katika ukoo alihangaishwa na vitabu.

Kusema "atakua, ataacha" nako ni kupoteza miaka. Disleksia haiishi kwa kukua, ingawa mafundisho yanayofaa hupunguza sana makali yake, hasa yakianza mapema. Mwalimu hahitaji vifaa vya gharama: mtoto apige makofi kwa kila silabi, aichore herufi mchangani huku akiitamka sauti yake, na azoeshwe taratibu kutofautisha jozi zinazokaribiana, kama vile ng na ng', au th na dh, kila hatua ikirudiwa hadi izoeleke. Asisimamishwe ghafla kusoma mbele ya wenzake. Apewe aya jioni aiandae nyumbani. Asinakilishwe ubao mzima.

Imebaki hoja ninayoisikia zaidi kwa walimu wenzangu, kwamba kumwongezea muda wa mtihani au kumruhusu ajibu kwa mdomo ni kumpendelea. Mtihani wa sayansi unapima kama mwanafunzi anajua mmea hutengenezaje chakula chake. Anayetumia nusu ya muda kulitambua swali hajapimwa sayansi. Amepimwa kasi ya kusoma, ambayo haikuwamo katika mada ya somo hilo.