Witchetty si funza

Ile video ya watalii wakionyeshwa mdudu aitwaye witchetty kule Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, imenifikia tena kwenye simu, na chini yake kuna aliyeandika: "Wenyeji wa Australia wanakula funza." Mara ya kwanza nilicheka. Hii ni ya nne.

Witchetty ni kiwavi wa nondo, mweupe, mnene kama kidole. Anaishi ndani ya mizizi ya Acacia kempeana, kichaka cha jamii ya mgunga, ila hakina miiba. Huliwa mbichi, au hugaagazwa kwenye majivu ya moto. Basi. Funza hutolewa kidoleni kwa pini, buu hutoka kwenye nyama iliyooza. Huyu hana habari na uozo. Mla senene wa Bukoba atanielewa.

Kinachoniudhi zaidi ni jina lenyewe. Waingereza walilitoa kwa Waadnyamathanha wa milima ya Flinders, kusini mwa Australia: wityu ni kijiti chenye ndoano, varti ni mdudu. Yaani nusu ya jina ni kifaa cha kumvutia nje! Baadaye likabandikwa kwa kila kiwavi mnene mweupe, awe wa mti gani, na sisi tukaja kuongeza letu la funza.

Waarrernte, wenye mji wao wa Mparntwe, ndio hiyo Alice Springs, hawachanganyi hivyo. Kile kichaka cha jamii ya mgunga ni atnyeme, kiwavi wake atnyematye. Kuna kichaka kingine, utnerrenge, na kiwavi wake ni utnerrengatye. Wa mmea utambaao wa ayepe ni yeperenye, na huyo si chakula tu: katika simulizi za Waarrernte ni mmoja wa viwavi walioiumba milima inayouzunguka mji. Ukimtaja mdudu, umeshataja pa kumtafutia. Mama anayemtaka atnyematye anakwenda kwenye kichaka chake, anatazama udongo uliopasuka chini yake, anachimba hadi kwenye mzizi uliovimba, anauvunja. Neno funza lingempeleka wapi?

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeandika pale, sema kiwavi, yatosha. Tena huyo wa kwenye video anachomolewa kwenye shina la mkaratusi, juu ya kichwa cha mtu. Atnyematye hakai huko.