Jua, Maji na Unga Mweusi wa Kwenye Grisi

Anika ndoo ya maji juani tangu asubuhi hadi alasiri. Maji yatapata moto, mengine yatageuka mvuke, lakini haidrojeni hutaiona. Mwanga tunaouona hupenya maji na kwenda zake. Ili jua liyavunje maji yawe haidrojeni na oksijeni, lazima kitu kingine kiumeze mwanga huo kwanza, kisha kiyakabidhi maji nguvu yake.

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza namna walivyofanya hivyo kwa oksaidi ya titani, ileile inayoipa rangi ya ukutani weupe wake. Weupe huo ndio kikwazo: kitu cheupe hurudisha karibu mwanga wote unaoonekana. Oksaidi hiyo humeza urujuanimno tu, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua inayotufikia.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia vitu vyeusi. Kimoja mafundi magari wanakishika kila siku: salfaidi ya molibdeni, unga unaotiwa kwenye grisi nyeusi ya jointi za ekseli. Isugue kati ya vidole uone inavyoteleza. Imejengwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati ya kuchambuka, na tabaka moja halikulishika sana jingine. Kwa sababu hiyohiyo unaweza kuichambua hadi libaki tabaka moja tu, unene wa nanomita 0.65 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukirundika tabaka kama laki moja ndipo utafikia unene wa unywele.

Wembamba huo unasaidia nini? Mwanga ukimezwa, elektroni, chembe ndogo mno ya umeme, huchomoka na kuacha pengo, kama jino lililong'oka. Elektroni inatakiwa ikatengeneze haidrojeni; pengo likatoe oksijeni. Lakini viwili hivi vikikutana njiani hurudiana, na nguvu yote inaishia kuwa joto. Ndani ya punje nene safari ni ndefu, na nyingi hazifiki. Kwenye tabaka moja, maji yako mlangoni. Tena ukipandanisha tabaka za vitu viwili tofauti vilivyochaguliwa vizuri, elektroni huvutwa upande mmoja na pengo likabaki upande wa pili. Kwangu mimi, uzuri wa sayansi hii uko hapo.

Halafu kuna kingo. Mwaka 2007 watafiti waliokuwa Denmark walionyesha kwamba haidrojeni huzaliwa kwenye kingo za tabaka, si kwenye uso wake mpana. Tangu hapo maabara nyingi hujitahidi kutengeneza vipande vidogo vidogo, vyenye nyufa, ili kingo ziongezeke.

Haidrojeni nyingi ya leo, ikiwemo ya kutengenezea mbolea, hutolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe, huku hewa ya ukaa ikimwagwa angani. Kwa hiyo natamani sana njia hii ya jua na maji ifike viwandani. Bado haijafika. Mapengo yakikosa kazi huanza kuila salfa iliyo ndani ya unga wenyewe, na unga ukaharibika ndani ya maji. Ndiyo maana kazi ya kutoa oksijeni hupewa kitu kingine kinachostahimili. Na gesi hizo mbili hazitakiwi kukusanywa chombo kimoja: cheche moja inatosha kuzilipua.