Hakuna yuka dume, na mengine ninayoyasikia kitaluni

Hakuna yuka dume. Nimelisema hili hadi mate yamenikauka, na bado kila msimu anakuja mteja kulalamika: yuka yake, huo mmea wa mapambo wenye majani kama mapanga, imechanua mara tatu, mara nne, haitoi hata mbegu moja, kwa hiyo nimemuuzia dume. Hayo ni mawazo ya mpapai. Mmoja alishaupigilia mti wake msumari wa inchi nne ili "ushtuke uzae". Haukuzaa. Ulioza pale pale msumari ulipoingilia.

Kila ua la yuka lina sehemu ya kiume na ya kike kwa pamoja. Kinachokosekana huku kwetu ni nondo, mdudu anayefanana na kipepeo.

Kwao, kama vile kwenye jangwa la Mojave kule California na Chihuahua nchini Mexico, yuka huchavushwa na nondo wadogo weupe, wengi wao wa jenasi ya Tegeticula. Chavua ya yuka inanata, upepo hauipeperushi. Nyuki nao huingia na kutoka bila kuifikisha inapotakiwa. Kazi hiyo anaifanya nondo jike, usiku, tena kwa makusudi kabisa. Ana viungo viwili mdomoni, kama vijimkono, ambavyo nondo wa kawaida hana. Kwa vijimkono hivyo hukusanya chavua, akaifinyanga donge, akalibana chini ya kidevu na kuruka nalo hadi ua jingine. Akifika anatoboa ovari, kile kifuko cha ua kinachobeba mbegu, anataga mayai, halafu anapanda juu na kuisindilia chavua kwenye stigma, sehemu ya kike inayoipokea. Viwavi wake wakianguliwa hula baadhi ya mbegu, zilizobaki ni za mmea. Nondo akizidisha mayai kwenye ua moja, yuka hulidondosha ua hilo pamoja na vyote vilivyomo. Kwa hiyo wanaosoma kwamba "nondo wa yuka anakula mbegu" na kuniuliza dawa ya kumpulizia, nawajibu: ukimuua huyo, hakuna mbegu ya kula wala ya kubaki. Mambo haya yalielezwa tangu 1872 na wanasayansi George Engelmann na Charles Riley huko Missouri, Marekani. Si habari mpya.

Nondo huyo Afrika hayupo. Ipo yuka moja, Yucca aloifolia, ambayo hubahatisha kutoa matunda hata ugenini, na wapo wenye subira wanaochavusha kwa brashi ndogo. Mimi sioni sababu ya kujisumbua. Kata kipande cha shina cha futi moja, kiache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, kisha ukipande kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Nasema wiki nzima, si kesho yake asubuhi. Vipande vingi vinavyoletwa kwangu vikiwa vimeoza vilipandwa vibichi.

Linalofuata kwa kuniudhi ni hili la "mmea wa jangwa". Yuka ndefu isiyo na miiba mikali mnayoipanda mageti kwa mageti ni Yucca gigantea, na asili yake ni kusini mwa Mexico na Amerika ya Kati, si jangwani. El Salvador ndiyo ua lao la taifa, na petali wanazipika na mayai. Hufika mita kumi, na shina lake huvimba chini kama guu la tembo. Ukiipanda futi mbili kutoka ukutani, usinitafute tofali za njia zikianza kuinuka. Ya jangwani kweli ni kama Yucca elata, ile ya matuta ya mchanga ya White Sands huko New Mexico, Marekani: mchanga ukiifukia, shina hurefuka ili majani yabaki juu. Tuta likihama, shina hilo refu hukosa cha kuegemea na mara nyingi huanguka. Zote mbili zinauawa na kitu kimoja, maji ya kila jioni kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Ingiza kidole, kikigusa unyevu, weka ndoo chini.

"Ikichanua inakufa kama mkonge." Hapana. Mkonge huchanua mara moja ukafa, yuka huchanua tena na tena. Acheni kuzikata.

Kaktasi? Si kaktasi. Ina undugu na huo huo mkonge. Na mapishi ya "yuca" mnayotumiana kwenye simu ni ya muhogo, kwa hiyo mzizi wa yuka uacheni ardhini.

Mzizi huo una saponini, ndiyo maana ukipondwa majini hutoa povu. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, huosha nalo nywele, pamoja na za msichana anayefanyiwa sherehe ya kuvunja ungo. Hilo ni kweli na ni zuri. Ila kutoka hapo watu wanaruka hadi kwenye vidonge vya yuka vya "kuponya baridi yabisi", na ushahidi wake ni hafifu sana. Kazi inayojulikana vizuri ya dondoo ya Yucca schidigera, aina nyingine ya yuka, ni kutia povu kwenye vinywaji na kupunguza harufu ya amonia kwenye mbolea ya kuku. Wala "sabuni ya asili" haimaanishi haina madhara. Maji ya povu hilo usiyamwage kwenye bwawa la perege, maana saponini huharibu matamvua na samaki hushindwa kupumua.