Bomba la gesi linalovuka majimbo Marekani linafanyaje kazi

Wengi wakisikia bomba la gesi wanawaza kampuni moja inachimba, inasukuma, alafu inauza. Kwa mabomba ya Marekani yanayotoka jimbo moja kwenda jingine haiko hivyo, kampuni ya bomba haiuzi gesi kabisa, inakodisha nafasi ndani ya bomba tu. Gesi yenyewe ni ya wenye mzigo, yaani makampuni ya gesi ya mijini, mitambo ya umeme, viwanda, wafanyabiashara wa gesi. Zamani kampuni ya bomba ilikuwa inanunua gesi kisimani na kuiuza kule mwisho, mpaka mwaka 1992 FERC, ile tume ya serikali kuu inayosimamia nishati, ilipotoa agizo namba 636 kwamba usafirishaji na uuzaji vitenganishwe. Na nauli yenyewe lazima FERC iikubali, maana mwenye bomba mara nyingi hana mshindani njia ile.

Chukua Transco ya kampuni ya Williams, inaanzia Texas kusini, inapita Louisiana, Georgia, Virginia mpaka New York, ukijumlisha matawi yote ni kama kilomita 16,000. Gesi haitembei yenyewe umbali huo, inasuguana na kuta za bomba na presha inashuka, kwa hiyo kila baada ya kilomita kama 60 hadi 160 kuna stesheni ya kompresa inayoibana tena na kuisukuma mbele. Kompresa nyingi zinaendeshwa na gesi hiyohiyo iliyoko bombani, ndo maana mwenye mzigo anaingiza gesi nyingi kidogo kuliko atakayopokea, ile tofauti imechomwa njiani.

Mwendo wake ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, haizidi sana kilomita 40 kwa saa. Kutoka Texas hadi New York ni siku kadhaa. Sasa mtu wa New York aliyenunua gesi ya Texas ya leo anaipataje leo? Ni kama kuweka hela kwa wakala Mwanza mwenzio akazitoa Dar dakika hiyohiyo, noti si zilezile ila hesabu inakubali. Bomba linakuwa limejaa muda wote, wewe unaingiza huku yeye anatoa kule, na gesi iliyojaa humo ndani ndo akiba inayofanya mambo yote yawezekane. Presha ikipandishwa usiku watu wamelala, asubuhi wakiwasha hita kuna pa kuanzia.

Hesabu hiyo inafanywa kila siku. Siku ya gesi inaanza saa 3 asubuhi kwa saa za Marekani ya kati, na kabla ya hapo kila mwenye mzigo anakuwa ameshaandikisha ataingiza kiasi gani, wapi, na atatolea wapi, akitaka kubadilisha kuna awamu kadhaa za kurekebisha ndani ya siku. Aliyelipia nafasi ya uhakika analipa kila mwezi hata asipoitumia, lakini baridi ikikaza yeye ndo wa kwanza, aliyechukua nafasi ya bei nafuu anakatwa. Hapa ndo pana tatizo ambalo mimi naona halijachukuliwa kwa uzito unaotakiwa, mitambo mingi ya umeme imekaa kwenye hiyo nafuu, na siku ya baridi kali ndo siku ambayo kila mtu anataka umeme na gesi kwa pamoja.

Desemba 2022 kwenye dhoruba iliyoitwa Elliott ilionekana. Visima vya Marcellus na Utica, huko Pennsylvania, Ohio na jirani zake, viliganda, gesi inayoingia bombani ikapungua huku watu wanavuta zaidi, presha ikaanza kushuka kwenye mabomba yanayolisha New York. Con Edison, kampuni ya gesi ya jiji, ikatangaza dharura tarehe 24 na kutumia gesi ya kimiminika iliyokuwa imeihifadhi ili presha isiporomoke.

Umeme ukikatika unarudishwa na mambo yanaendelea. Gesi ya mtaani ikiisha presha hairudi hivyo, maana hewa inaweza kuingia kwenye mabomba na hewa ikichanganyika na gesi kwa kiwango fulani inalipuka. Lazima fundi apite nyumba kwa nyumba afunge valvu, mabomba yasafishwe hewa, presha irudishwe, alafu apite tena nyumba kwa nyumba kukagua na kuwasha kila kifaa, na wateja wa gesi wa Con Edison ni zaidi ya milioni moja. Kwa idadi hiyo ni kazi ya miezi, katikati ya baridi.