Si kila fumbo la sataranji hufunguliwa kwa kumtoa malkia kafara

Kwenye makundi ya gumzo kuna ujumbe unaozunguka kila mara: ukipewa fumbo la sataranji la kumaliza mchezo, jibu ni kumtoa malkia kafara, yaani kumwacha aliwe makusudi. Si kweli.

Kafara hufaulu pale tu mpinzani anapokosa jibu jingine. Panga ubao (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo): weupe wana mfalme g1, malkia c4, farasi h6, weusi wana mfalme h8, ngome d8, askari g7 na h7. Malkia aende g8. Mfalme hawezi kumla, kwani farasi analinda g8. Askari akimla farasi, mfalme bado yuko chini ya shambulio la malkia, kwa hiyo hatua hiyo si halali. Inabaki ngome kumla malkia, na hapohapo inamzibia mfalme wake njia. Farasi aende f7: mati, yaani mfalme ameshambuliwa na hana pa kuponea.

Sasa ongeza malkia mweusi e7, urudie yaleyale. Farasi akitua f7 analiwa na malkia huyo, na malkia wako amekwenda bure.

Mkanganyiko unatokana na uteuzi: kafara inapendeza macho, ndiyo inayosambazwa. Yapo mafumbo mengi yanayofunguliwa kwa hatua tulivu, isiyomshambulia mfalme wala kula kete, ya mfalme au askari.

Kuhakiki, andika majibu yote halali ya mpinzani baada ya kila hatua yako. Likibaki hata moja la kumwokoa, suluhisho limeanguka. Programu ya uchambuzi kwenye simu itakuonyesha vivyo hivyo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, hasa kwa watoto wanaoanza: unawazoesha kumtupa malkia kabla ya kuhesabu.