Sapeur si kila mwenye suti ya bei mbaya

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akimwita mfanyabiashara mmoja "sapeur" kwa sababu tu kabati lake limejaa suti. Sivyo.

Sapeur ni mfuasi wa la Sape, utamaduni wa umaridadi uliokita mizizi Bacongo, mtaa wa Brazzaville, ukashamiri pia Kinshasa ng'ambo ya mto, ambako Papa Wemba aliutangaza kuliko mwanamuziki mwingine yeyote. Maana ni hiyo.

Tatizo liko kwenye jina. Wengi husema Sape ni kifupisho cha Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, yaani Chama cha Wachangamshaji na Watu Maridadi. Kifupisho hicho kipo, ila neno lilikitangulia. Katika Kifaransa cha mitaani sape ni nguo, na se saper ni kuvaa ukapendeza. Herufi zilitafutiwa maneno baadaye. Tena ukifungua kamusi ya Kifaransa, sapeur utakayemkuta ni askari mchimba mahandaki, na sapeur-pompier ni zimamoto!

Linaloniudhi zaidi ni kumchanganya sapeur na mikiliste. Neno mikiliste limetoka kwenye Kilingala: mokili ni dunia, wingi wake mikili, na mikili ikawa Ulaya, kama sisi tusemavyo majuu. Mikiliste heshima yake ni kufika huko. Ni kweli safari na nguo zilishikana. Vijana wa Brazzaville walikwenda Paris, wakabanana vyumbani na kujinyima, fedha ikaishia kwenye viatu na makoti, ili siku ya kurudi likizo Bacongo iwaone. Kurudi huko kuna jina lake, descente, mteremko. Lakini mhamiaji mwenzao aliyekaa Paris bila kujali mavazi walimwita paysan, yaani mshamba, hata kama akiba yake ilizidi ya kwao. Na yupo fundi wa Bacongo asiyewahi kupanda ndege, mshahara wake mdogo, koti ameazima, lakini anajua rangi zisizidi tatu na anajua kutembea ndani ya koti hilo. Huyo ni sapeur.

Mfanyabiashara wa yule mtangazaji tumwite mtanashati. Neno tunalo, na linamtosha.